Maji Hayafungwi, Huonyeshwa Njia: Habari za Madirisha ya Magari ya Zamani

Mtu anayetaka kununua gari kuukuu huanza kwa kusikiliza injini. Kisha hutazama magurudumu, hukanyaga breki, na mwisho huuliza bei. Ni wachache mno wanaokisukuma kioo cha dirisha la ubavuni ili waone kama chateleza sawasawa, na ni wachache zaidi wanaopitisha kidole katika mfereji wa chini wa dirisha hilo. Lakini mimi nimeona gari likikaribia kufa kwa ajili ya dirisha, hali injini yake ingali nzima. Kwa sababu hiyo napenda kuwaeleza wasomaji, hasa wale wenye magari ya kuchukulia watu na mazao, habari za mipira ya madirisha ya kusukuma: kazi yake, jinsi inavyochakaa, na namna ya kuibadilisha.

GARI LA MWALIMU

Huko Limuru yuko mwalimu mmoja mstaafu ambaye ni rafiki yangu wa siku nyingi. Alipopata malipo yake ya uzeeni alinunua gari la Volkswagen la namna ile iitwayo Kombi, gari la zamani lakini lenye nguvu. Siku za soko alichukua kabichi na viazi vyake na vya majirani, na siku ya Jumapili aliwachukua wazee wa kijijini kwenda kanisani.

Limuru ni mahali pa baridi na mvua. Masika yalipoanza, viti vya upande wa kushoto vililowa maji, na wazee wakawa wanagombea viti vya kulia. Mwalimu alitazama dirisha la kushoto akaona mpira wake umekauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Basi akanunua kichupa cha gundi ya silikoni, akapaka pande zote za dirisha, ndani na nje, wala hakuacha hata nafasi ndogo. Chini ya fremu, upande wa nje, aliona matundu mawili membamba. Hayo nayo akayaziba, kwa kuwa alidhani ndiyo mlango wa maji. Tangu siku hiyo kioo hakikufunguka tena, lakini viti vilikauka, na Mwalimu akafurahi.

Furaha hiyo haikudumu. Mvua za vuli za mwaka uliofuata zilikuwa hazijaisha wakati bibi mmoja mzee alipomwambia njiani, "Mwalimu, kiti chako chacheza." Kesho yake fundi wa jua kali aliinua zulia. Bati la sakafu lilikuwa jekundu na laini, likivunjika kama biskuti, na skrubu moja ya kiti ilitoka kwa vidole tu. Nalikuwapo, nami nilisikia maneno ya fundi. Alisema kwa upole, "Mwalimu, maji hukuyazuia. Uliyafungia ndani."

Maneno hayo machache yana elimu kubwa, nayo ndiyo shina la habari yangu.

DIRISHA LINAVYOFANYA KAZI

Watu wengi hudhani ya kuwa dirisha la gari hufanywa lisipitishe hata tone moja la maji. Dirisha la kusukuma halikufanywa hivyo. Lina fremu yenye mifereji ambamo vioo hukaa, na kioo kimoja, au vyote viwili, huteleza ndani yake. Kitu kinachoteleza hakiwezi kubanwa kabisa, maana kikibanwa hakitateleza. Kwa hiyo maji kidogo hupita ubavuni mwa kioo kila mvua inyeshapo, nayo hushuka katika mfereji wa chini. Waliolitengeneza gari walilijua jambo hilo, wakaweka matundu katika ukuta wa nje wa mfereji ili maji yatoke na kudondoka barabarani.

Mipira ya dirisha hili ni ya namna tatu, nayo yafaa kila mwenye gari aijue. Wa kwanza ni mpira mkubwa wa nje unaozunguka fremu yote. Mpira huu una mifuo miwili: mmoja hushika fremu ya dirisha, na wa pili hushika ukingo wa bati la bodi. Wa pili ni mkanda ulio ndani ya mifereji, ambao una manyoya mafupi mithili ya mahameli. Kazi yake ni kukishika kioo kisigongane na chuma, na kukiacha kiteleze. Wa tatu ni mpira wa kusimama ulio katikati, pale vioo viwili vinapopishana. Huu una mdomo mwembamba unaogusa kioo na kuzuia upepo, vumbi na mvua isukumwayo na mwendo wa gari.

Mkulima atalielewa jambo hili upesi kuliko mtu wa mjini. Huko Machakos watu wamechimba matuta ya fanya juu tangu zamani, nao wanajua ya kuwa maji ya mvua hayazuiwi kwa ukuta mtupu. Tuta hupunguza mbio za maji, na maji yanayozidi hupewa mfereji wa kutokea. Mtu akiuziba mfereji huo, maji hujaa, huvunja tuta, na shamba la chini huharibika. Dirisha nalo ni hivyo hivyo. Matundu yakizibwa, maji hujaa katika mfereji, hufurika upande wa ndani, hushuka baina ya bati la nje na ubao wa ndani pasipo kuonekana, na kufika kwenye sakafu. Huko hukaa chini ya zulia kwa miezi. Viti na mikanda ya usalama hufungwa katika sakafu na mbavu za gari, na chuma kilicholiwa na kutu hakiwezi kumshika mtu siku ya ajali. Kwa hiyo jambo hili si la kulowa nguo tu.

KWA NINI MIPIRA HUCHAKAA

Kombi za kwanza zilianza kutengenezwa Ujerumani katika mwaka wa 1950. Namna ya pili ilianza mwaka wa 1967, na huko Ujerumani ikatengenezwa mpaka mwaka wa 1979, ndipo namna ya tatu, yenye bodi pana na pembe zaidi, ilipofuata. Katika nchi ya Brazil kiwanda kiliendelea kutoa Kombi za sura ya zamani mpaka mwisho wa mwaka wa 2013. Twaona basi ya kuwa Kombi ya namna ya pili iliyotoka Ujerumani imekwisha pita miaka 40, na kama mipira yake haijabadilishwa, nayo ina umri huo huo.

Adui wa kwanza wa mpira ni jua. Miale yake mikali, pamoja na hewa ya ozoni, huukausha mpira, ukawa mgumu, ukapasuka na kusinyaa. Kwa sababu hiyo utaona kwamba nyufa za kwanza hutokea penye kona, mahali ambapo mpira umevutwa zaidi. Adui wa pili ni vumbi. Vumbi la barabara zetu likiingia katika manyoya ya mkanda hufanya kazi ya msasa: kila mara kioo kisukumwapo, hukwaruza kioo na kula manyoya. Adui wa tatu ni mafuta. Wako watu ambao kioo kikikwama hutia grisi au mafuta machafu ya injini. Siku ile kioo huteleza vizuri, lakini mafuta huvimbisha mpira wa namna nyingi na kuulainisha, tena hukusanya vumbi likawa tope. Kama kioo ni kizito, safisha mfereji kwanza, kisha tumia mafuta ya silikoni yaliyofanywa kwa ajili ya mipira.

KUTAFUTA MAHALI PANAPOVUJA

Usinunue mpira wowote kabla hujajua ni upi uliokufa. Chukua sindano nene ya plastiki au kijiti chembamba, uzibue matundu ya chini ya fremu, kisha mimina kikombe kimoja cha maji katika mfereji. Maji yakitoka nje upesi, njia ni nzima. Yakisimama, umekwisha pata sehemu moja ya ugonjwa, na dawa yake haina gharama.

Baada ya hapo funga dirisha juu ya kipande cha karatasi, ukivute. Karatasi ikishikwa, mpira ungali unabana. Ikitoka bila kushikwa, mpira umekufa mahali hapo. Fanya hivyo kila baada ya shubiri moja.

Mwisho, mtu mmoja aingie ndani na kurunzi, na mwingine amwage maji kwa mpira wa bustani au kwa ndoo. Aanze chini ya dirisha, apande polepole. Ukianza juu, maji hutiririka kila mahali, wala hutajua yaliingilia wapi. Aliye ndani akiona tone la kwanza, apatie alama ya chaki.

KUBADILISHA MIPIRA

Kazi hii huhitaji watu wawili, siku isiyo na mvua, na saburi. Naeleza hapa dirisha ambalo fremu yake hushikwa na mpira, kama lilivyo katika Kombi na magari mengi ya umri wake. Katika magari ya siku hizi madirisha mengi yamegandishwa kwa gundi maalumu, na hayo mpelekee fundi wa vioo.

Kwanza, piga picha za kila upande kwa simu yako, au chora katika karatasi, ili ujue kila kipande kilivyokaa. Kisha ingia ndani ya gari, uinue mdomo wa mpira kwa kipande cha mti kilicholainishwa. Usitumie bisibisi, kwa sababu hukwaruza rangi, na pale rangi inapotoka ndipo kutu inapoanzia. Mwenzako asimame nje akiwa tayari kulipokea dirisha, nawe ulisukume polepole kuanzia kona ya juu. Ikiwa mpira ni mgumu kama mti, ukate kwa kisu kikali, maana hautatumika tena.

Pili, lilaze dirisha juu ya blanketi, usilaze juu ya saruji. Hapa pana hatari ambayo wengi hawaijui. Kioo cha ubavuni kimetiwa moto na kupozwa kwa haraka kiwandani ili kiwe na nguvu. Uso wake huvumilia sana, lakini ukigonga ukingo wake hata kidogo, kioo chote huweza kupasuka mara moja kikawa chembechembe. Wala hakikatwi wala hakisagwi. Kwa hiyo vaa glavu, funika macho kwa miwani, na kishike kioo kwa mikono miwili.

Tatu, toa kioo katika fremu. Katika magari mengine hufunguliwa skrubu za nguzo ya katikati. Katika mengine mkanda wa zamani huvutwa kwanza, na kioo kikilegea huinuliwa juu kikatoka chini. Chunguza kabla ya kutumia nguvu. Kisha sugua mifereji kwa brashi na maji ya sabuni mpaka chuma kionekane, na uzibue matundu yote.

Nne, tazama ukingo wa bati la bodi ambalo mpira ulikuwa umelifunika. Hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote, nayo ndiyo watu huiruka. Kutu ikiwapo, ikwangue yote, pasugue kwa msasa, pake dawa ya kutu, halafu rangi ya msingi, halafu rangi ya gari, na uache ikauke kabisa. Mpira mpya juu ya kutu ya zamani ni sawa na kumvika mgonjwa kanzu mpya.

Tano, pima kabla ya kununua. Chukua kipande cha kila mpira wa zamani uende nacho dukani, pamoja na kipimo cha unene wa kioo na upana wa mfereji kwa milimita. Nairobi, maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, ambayo wazee bado waiita Grogan, huuza mipira mingi kwa mita. Mpira unaofanana kwa macho huweza kutofautiana kwa milimita moja, na milimita hiyo yatosha kukikwamisha kioo au kukiacha kikipiga kelele njia nzima.

Sita, ukate mkanda mpya ukiwa mrefu kidogo kuliko mfereji, kisha usukume mpaka ukae. Usiuvute hata kidogo. Mpira uliovutwa wakati wa kuwekwa hurudi nyuma baada ya siku chache, ukaacha pengo penye kona, na pengo hilo ndilo mlango wa mvua. Wala usiweke maungio penye kona. Na pale mkanda unapopita juu ya matundu ya maji, angalia usiyafunike.

Saba, rudisha vioo, usukume huku na huku uone kama vyateleza. Uvike fremu mpira mkubwa wa nje. Halafu chukua kamba nyembamba ya nailoni, uipitishe katika mfuo utakaoshika bodi, kuzunguka dirisha lote, na ncha zake zipishane kiasi cha shubiri moja chini katikati, upande wa ndani. Pakaa maji ya sabuni, usipake mafuta. Mwenzako alibandike dirisha kutoka nje na kulisukuma kwa viganja, nawe uliye ndani uvute ncha ya kamba polepole. Kila kamba inapotoka, mdomo wa mpira utaruka juu ya ukingo wa bati na kukaa mahali pake. Mtu anayeiona kazi hii mara ya kwanza hudhani ni kiini macho.

Nane, rudia majaribio ya karatasi na ya maji kabla hujarudisha mbao za ndani na zulia.

DIRISHA NI LA HEWA PIA

Yuko atakayesema, "Kwa nini nisumbuke hivyo? Nitalipaka gundi, lisifunguke." Mtu huyo ninamjibu kwa mambo matatu. La kwanza, silikoni zile zenye harufu ya siki hutoa asidi zinapokauka, na asidi hiyo huchochea kutu katika bati lililo wazi. Hata mahali panapohitaji gundi, tafuta ile isiyo na asidi.

La pili, katika gari lililofungwa watu hupumua hewa moja, na viini vya kifua kikuu huenea kwa hewa hiyo. Dirisha lililofunguliwa ni kinga isiyolipiwa. Abiria akimwomba dereva afungue dirisha, na dereva amjibu ya kuwa limegandishwa, huyo dereva amemnyima mwenzake haki.

La tatu ni moshi. Gari linapokwenda, hewa iliyo nyuma yake huzunguka na kuvuta moshi wa ekzosi kuelekea kwenye bodi. Mipira ya nyuma ikiwa imekufa, moshi huo huweza kuingia ndani. Katika moshi huo imo hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, nayo huua. Abiria wakianza kuumwa na kichwa na kusinzia wote pamoja, dereva asimamishe gari, awatoe nje, na asiendelee na safari mpaka ekzosi na mipira vikaguliwe.

MWISHO WA HABARI YA MWALIMU

Fundi alikata sakafu iliyooza, akachomelea bati jipya, na kukifunga kiti upya. Kisha wakaliondoa lile dirisha kwa siku nzima, kwa kuwa ile gundi iliyopakwa kwa nusu saa iling'oka kwa jasho. Gharama ya bati na kuchomelea ilikuwa mara nyingi zaidi ya gharama ya mipira yote mitatu. Mwalimu alilipa bila manung'uniko, kwa maana alikumbuka ni nani waliokuwa wakikaa katika kiti kile.

Sasa ana sindano ya plastiki inayoning'inia kwa uzi karibu na usukani. Kabla ya masika, na tena kabla ya vuli, huzibua matundu ya kila dirisha, hupiga brashi mifereji, hufuta mipira kwa maji na sabuni, na kupaka silikoni kidogo. Kazi hiyo haimalizi saa moja. Siku nilipomtembelea mvua ilikuwa ikinyesha, nasi tukasimama chini ya paa tukilitazama gari. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka katika matundu mawili ya dirisha la kushoto, tone baada ya tone. Yule bibi mzee alikuwa ameketi ndani, kiti cha kushoto, akingoja safari.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nao walisema kweli. Lakini mwenye gari la zamani na ajifunze kutambua ufa ni upi, na mfereji ni upi. Ufa auzibe. Mfereji auzibue.